Kuandikwa, Kuajiriwa na Kukubali: Historia Fupi ya Istilahi za Kujibu Ajira

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimejipatia kwa wingi ni zile za kazi na ofisi. Tunayo maneno ya kutosha ya kumwita mtu kazini, kumpandisha cheo, kumhamisha, kumsimamisha na kumwachisha. Lakini maneno ya yule anayeitwa, yaani ya kujibu kwamba anakubali, anakataa, au anataka masharti yabadilishwe, ni machache, na matumizi yake hayajatulia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha upungufu huo umetoka wapi kihistoria, na kwa nini hauna budi kushughulikiwa. Mifano yetu tutaitoa katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Huko Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wana lugha zao za nyumbani, na Kiswahili cha barua hujifunzwa zaidi shuleni na ofisini.

Neno la zamani la kumpa mtu kazi ni kuandika. Mpagazi wa msafara aliandikwa, askari aliandikwa, kibarua wa shamba aliandikwa. Tuangalie jinsi neno lenyewe linavyofanya kazi. Mwenye kalamu ndiye mtenda, na mwenye mikono ya kazi ndiye mtendwa. Enzi ya boma la Wajerumani la Ikoma, na baadaye chini ya Waingereza, watu wa nchi hii waliitwa kubeba mizigo, kutengeneza njia, na kuchimba dhahabu mahali kama Kilimafedha, ambapo sasa pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Vijana wengi wa Kikuria waliingia Keya, jeshi la mfalme wa Kiingereza katika Afrika. Katika hayo yote hapakuwa na barua ya kujibu. Jibu lilikuwa alama ya kidole gumba.

Sheria iliyotungwa Tanganyika mwaka 1923 kuhusu mabwana na watumishi wenyeji ilizidi kuliimarisha jambo hilo, kwani chini yake mtumishi aliyeacha kazi kabla ya wakati aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Ndipo lilipoenea neno kipande, kadi ambayo juu yake zilihesabiwa siku 30 za kazi. Ndipo pia lilipozaliwa neno manamba, watu wa mashamba ya mkonge walioitwa kwa namba zao. Istilahi hizo zilisema kweli juu ya hali ilivyokuwa: mtu hakupatana na mwajiri wake, bali alihesabiwa.

Kuajiri ni neno lenye adabu zaidi. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa ujira, malipo ya kazi. Kwa neno hili tulipata mwajiri, ajira na mwajiriwa. Hata hivyo umbo la kutendwa limebaki pale pale, maana mwajiriwa naye ni mtu anayetendwa. Aidha, neno mkataba, ambalo kwetu lina maana ya mapatano ya pande mbili, limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuandika. Basi kuandikwa kazi na kufunga mkataba kazini ni mawazo mawili yaliyotoka katika kalamu moja. Tofauti ni nani anayeishika.

Kwa upande wa sheria, tofauti hiyo ilikwisha kuelezwa zamani. Sheria ya Mikataba iliyotungwa Tanganyika mwaka 1961, ambayo ilifuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, hutenganisha pendekezo na ukubali. Mmoja hupendekeza, mwingine hukubali, kabla ya kukubali hapana mkataba. Tena ukubali hauna budi kuwa kamili, usio na sharti. Anayejibu, “Nakubali, lakini mshahara uongezwe,” bado hajakubali. Amepeleka pendekezo lake mwenyewe. Lakini sheria hiyo ilikuwa kwa Kiingereza, na maneno yake hayakuteremka hadi kwa kijana wa Mugumu au wa Nyamwaga.

Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria Na. 27. Barua za serikali zikapata sura tunayoijua: Kumb. Na., Yah:, na S.L.P. Mwisho wa barua pia ulibadilika. “Mtumishi wako mtiifu,” ambayo ilikuwa tafsiri ya desturi ya kikoloni, ilianza kuachia nafasi “Wako katika ujenzi wa Taifa,” na Bwana akawa Ndugu. Mageuzi hayo yalikuwa makubwa. Lakini yaligusa salamu na kimalizio. Kiini cha jibu hakikuguswa. Barua ya uteuzi ilimwambia mtu kwamba ameteuliwa, kana kwamba neno lake halikuhitajika, naye alijibu kwa kuripoti kazini.

Sasa hali ni nyingine. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, umebeba hadi leo jina la zamani la wilaya ya Tarime. Upande wa Serengeti ziko kazi za hifadhi, hoteli na kambi za watalii. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kwa mtandao. Barua ya kazi humfikia mtu katika simu yake, na jibu hutakiwa kwa njia hiyo hiyo. Chombo chenyewe tumekipatia jina zuri. Palikuwa na barua meme, kutokana na umeme, na palikuwa na barua pepe, ambayo masikioni mwa wengi inaleta wazo la kupepea na la upepo. Watu walichagua pepe, na Baraza halina sababu ya kubishana nao.

Shida iko katika yaliyomo. Tuseme binti wa Tarime ameandikiwa na kampuni kwamba wako tayari kumpa kazi, naye akajibu: “Nimepokea barua yenu. Nashukuru sana.” Je, amekubali? Kupokea barua si kupokea kazi. Na kushukuru kwa Kiswahili kuna pande mbili: anayekaribishwa chakula akajibu “Asante” mara nyingi amekataa kwa heshima. Adabu yetu njema, ambayo haipendi kumtupia mtu neno la hapana usoni, hapa inaweza kumkosesha mtu nafasi yake, au kumfunga kwa masharti ambayo hakuyaafiki. Nalo jambo si dogo, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa njia hiyo.

Wengine husema neno ofa linatosha. Sisi hatulikatai katika mazungumzo, lakini limekwisha kuelemewa. Ofa ni bia anayonunuliwa mtu, ni bei iliyopunguzwa dukani, na ni karatasi ya kiwanja, ambayo kwa usanifu huitwa barua ya toleo.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo. Barua ya mwajiri kabla ya mapatano iitwe pendekezo la ajira; barua ya uteuzi iwe ile inayofuata baada ya ukubali. Jibu la kuarifu tu kwamba barua imefika liitwe taarifa ya kupokea. Jibu la ndiyo lisilo na sharti liitwe ukubali wa ajira, na lianze na neno “Nakubali,” likitaja kazi, mshahara na tarehe ya kuanza. Jibu lenye sharti liitwe pendekezo la marekebisho. Jibu la hapana liitwe kuikataa ajira, na shukrani zifuate nyuma yake, zisikae mahali pake.

Babu zetu waliandikwa kazi. Wajukuu wao sasa wanaandika wenyewe, na ni haki yao kuwa na maneno ya kuandikia. Tunawaomba walimu, mawakili na maofisa utumishi wa Mara na kwingineko wayajaribu maneno haya, kisha watuletee maoni yao.