Safari ya Mzabibu: Kutoka Italia Hata Meza ya Mpemba

Mpemba niitajayo hapa si mtu wa kisiwa cha Pemba, bali ni mji mdogo wa Mkoa wa Songwe, ulio kando ya barabara kuu kabla ya kufika Tunduma, mahali iachanapo njia ya kwenda Ileje. Siku moja ya arusi katika mji huo iliwekwa mezani chupa ya mvinyo wa Dodoma. Mzee mmoja aliuonja, akakunja uso, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kinywaji hiki chanywewa na chakula gani?" Nilikosa la kumjibu. Baadaye nilitambua ya kuwa swali lake lilikuwa swali la historia, na ndilo nitakalo kulieleza.

Yafaa kuanza na majina. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15. Neno divai limetokana na Kifaransa, na mpaka leo husikika kanisani kuliko barazani. Zabibu ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu maana yake ni tunda lililokwisha kukaushwa. Basi majina yalitufikia kwa njia tatu, lakini mti wenyewe haukufuatana nayo.

Kinywaji chenyewe kilitangulia majina hayo kwa miaka mingi. Kitabu cha safari kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 baada ya Kristo, chaeleza kwamba wafanya biashara walileta mvinyo na ngano katika bandari kadha wa kadha za pwani hii, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Kitabu hicho hicho chasema kwamba katika bandari ya Barygaza, huko Bara Hindi, mvinyo uliopendwa kuliko mingine ni ule wa Italia. Kwetu, hata hivyo, ulibaki kuwa zawadi ya mgeni. Baadaye dini ya Kiislamu ikaukataza pwani, na bara watu walikuwa na pombe zao.

Nchini Italia swali la mzee lisingalihitaji kuulizwa, maana mahali penyewe palikwisha kulijibu. Italia haikuwa dola moja mpaka mwaka 1861. Kabla ya hapo ilikuwa nchi ya miji na watawala mbalimbali, na kila bonde lilikunywa lilichopanda na kula lilichofuga. Huko Piemonte, upande wa kaskazini, zabibu iitwayo Nebbiolo hutoa mvinyo wa Barolo. Rangi yake si nzito, na harufu yake hukumbusha waridi na lami, lakini ukakasi wake hushika ulimi na fizi. Ukinywewa peke yake huonekana mkali. Ukinywewa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole, ukakasi hushikana na nyama, mvinyo ukalainika. Katika nchi ya Emilia, ambako watu hula sana nyama ya nguruwe yenye mafuta, hunywewa Lambrusco, mwekundu, wenye povu na uchachu wa kusafisha kinywa. Soave ya Veneto ni nyeupe, ina ladha ya lozi kwa mbali, nayo huandamana na samaki. Chianti ya Toscana, itokanayo hasa na zabibu ya Sangiovese, ina uchachu uwezao kukabiliana na nyanya. Kusini, penye mlima Vulture ambao zamani ulitoa moto, Aglianico iliyo nzito na kavu hungojea nyama ya kondoo.

Mapatano hayo ya kinywaji na chakula yalipata pia ulinzi wa sheria. Mwaka 1716 Cosimo III wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana, alitangaza mipaka ya Chianti na sehemu nyingine tatu. Mwaka 1963 serikali ya Italia ikatunga sheria ya majina ya asili kwa nchi nzima. Tangu hapo jina la mahali likawa mali ya watu wa mahali, wala mtu wa bonde jingine hakuruhusiwa kulitumia.

Mzabibu wa Dodoma ulipita njia nyingine. Wamisionari wa Kitaliano waliupanda Bihawana mwaka 1957. Ulaya mti huu hulala wakati wa baridi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, basi mkulima hupunguza matawi yake nao huanza upya, hata ukavunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini divai ya altare haiulizwi chakula. Na ilipotoka altareni haikwenda jikoni, bali ilikwenda kiwandani, ambako zabibu za Hombolo na za Makutupora hupimwa kwa kilo, na jina la kijiji hupotea ndani ya pipa. Kwa hiyo kiwanda kisiponunua, mkulima hana mlango mwingine wa kubisha. Zabibu si mahindi ya kuwekwa ghalani, na wakulima wa Dodoma wamepata kuyaona mazao yao yakioza shambani kwa kukosa mnunuzi.

Wala tusidhani kwamba kanuni ya Waitalia ni ngeni kwetu. Katika nyanda hizi za kusini pombe ya ulezi hutiwa maji ya moto chunguni, ikafyonzwa kwa mirija na watu walioketi pamoja. Ulanzi wa Iringa na Njombe una majira yake ya mvua, na mbege ya Uchagani ina sherehe zake. Kila kinywaji kina watu wake, wakati wake na mahali pake. Kazi ya mikono ya Waitalia nayo haiko mbali na Mpemba: bomba la TAZAMA, lililojengwa na kampuni yao ya Snamprogetti na kukamilika mwaka 1968, hupita katika ushoroba huu kwenda Ndola. Lakini bomba hilo lilijengwa kuchukua mafuta. Mvinyo hufika kwa lori kutoka Dodoma, bila maelezo.

Basi nilirudi kwa mzee na jibu, nikamwambia kwamba ni maonjo yangu tu, si sheria. Mvinyo mweupe mkavu wa Chenin Blanc, wenye uchachu, nimeuona ukipatana na samaki wa Ziwa Rukwa aliyekaangwa na kukamuliwa ndimu. Mwekundu mkavu wafaa nyama ya mbuzi ya kuchoma. Ule mtamu, uliomkunjisha uso siku ya arusi, ungengoja mpaka chakula kiishe, ukaletwa na karanga. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kumbe siku ile tulikosea mahali pa kuuweka." Naona neno lake lawahusu pia wakulima wa Dodoma, maana mvinyo utakapopata mahali pake katika vyakula vyetu, ndipo mkulima atakapopata mnunuzi mwingine zaidi ya kiwanda.