Pedikyua

Pedikyua (kutoka neno la Kifaransa *pédicure*, lenye asili ya Kilatini: *pes*, "mguu", na *cura*, "utunzaji") ni kazi ya kusafisha, kukata na kupendezesha kucha za miguu pamoja na kulainisha ngozi ya nyayo na visigino. Kazi ya namna hiyo kwenye mikono huitwa manikyua.

Pedikyua ya msingi ni huduma ya urembo na usafi, si tiba. Mtengeneza kucha hatibu fangasi, vidonda wala kucha zilizozama nyamani. Mteja mwenye matatizo hayo anapaswa kuonwa na mhudumu wa afya.

## Historia

Utunzaji wa kucha ni wa kale sana. Huko Saqqara, Misri, kuna kaburi la Niankhkhnum na Khnumhotep, waliokuwa wasimamizi wa watunza kucha katika jumba la mfalme Niuserre wa nasaba ya 5. Kaburi hilo liligunduliwa mwaka 1964.

Katika pwani ya Afrika Mashariki wanawake hupamba miguu na kucha kwa hina, hasa wakati wa arusi. Siku hizi, katika miji kama Dar es Salaam, pedikyua hufanyika saluni na pia mitaani, ambako vijana huwafuata wateja majumbani na kazini wakiwa na beseni, jiwe la kusugulia na chupa za rangi.

## Vifaa

Vifaa vya msingi ni beseni, sabuni, taulo safi, kikata kucha, tupa ya kucha, jiwe au msasa wa kusugulia miguu, kijiti cha kusukumia ngozi ya mzizi wa ukucha, pamba, dawa ya kufutia rangi, mafuta au losheni, na rangi ya kucha.

Vifaa hivyo ni vya aina mbili:

* Vinavyotumika mara moja: vijiti vya mti, tupa za karatasi, pamba na misasa laini. Kwa kuwa haviwezi kutakaswa, hutupwa au mteja huondoka navyo.
* Vinavyorudiwa: vifaa vya chuma na beseni. Hivi hutakaswa kila baada ya mteja mmoja.

Jiwe la kusugulia lina vitundu vinavyohifadhi ngozi iliyokufa, hivyo ni bora kila mteja awe na lake.

## Kutakasa vifaa

Kutakasa huanza kwa kuosha, kwa sababu uchafu huzuia dawa kufika kwenye vijidudu. Hatua zake ni:

1. Kusugua kifaa kwa brashi, sabuni na maji, kisha kukisuuza.
2. Kukizamisha chote katika dawa kwa dakika 10. Dawa inayopatikana kwa urahisi ni klorini ya kufulia: yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu 1 huchanganywa na sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5.
3. Kukisuuza kwa maji safi, kwa kuwa klorini hula chuma.
4. Kukikausha na kukiweka katika chombo safi chenye mfuniko.

Mchanganyiko wa klorini hutengenezwa upya kila siku. Klorini haichanganywi kamwe na siki wala amonia, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu.

Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7. Kwa hiyo, kufuta mkasi kwa kitambaa hakutoshi. Kifaa kilichogusa damu huwekwa kando mara moja mpaka kitakaswe.

## Hatua za kazi

1. Kukagua miguu. Mtengeneza kucha hunawa mikono, huvaa glavu na kumuuliza mteja kama ana kisukari. Akiona kidonda, upele, usaha au uvimbe, hafanyi kazi.
2. Kufuta rangi ya zamani. Dawa yenye asetoni hushika moto haraka, hivyo hutumika mbali na jiko na mahali penye hewa.
3. Kuloweka miguu katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa dakika 5 hadi 10, kisha kukausha vizuri, hata katikati ya vidole.
4. Kukata kucha kwa mstari ulionyooka, bila kuzifupisha mno. Kukata pembe kwa ndani huweza kuufanya ukucha uzame nyamani. Kingo hulainishwa kwa tupa.
5. Kusukuma ngozi ya mzizi wa ukucha taratibu. Haikatwi, kwa kuwa huzuia vijidudu kuingia.
6. Kusugua visigino vyenye sugu au magaga, bila kuumiza. Sehemu ya sugu hubakizwa, kwa sababu hukinga nyayo.
7. Kupaka mafuta na kukanda miguu, lakini si katikati ya vidole, ambako unyevunyevu huleta fangasi.
8. Kupaka rangi, mteja akitaka. Mafuta hufutwa kwanza juu ya kucha, kisha hupakwa tabaka la chini, rangi mara mbili na tabaka la juu.

## Hatari

Wembe wa kuchongea visigino husababisha majeraha kwa urahisi. Katika majimbo mengi ya Marekani ni marufuku kuutumia saluni.

Mwaka 2000, katika jimbo la California, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja walipata majipu miguuni. Chanzo kilikuwa bakteria *Mycobacterium fortuitum*, waliokutwa katika mabeseni ya umeme yanayozungusha maji. Nyuma ya vichujio vya mabeseni hayo kulikuwa na nywele na mabaki ya ngozi. Walionyoa miguu kabla ya huduma walikuwa katika hatari zaidi, kwa kuwa wembe huacha michubuko midogo. Beseni la kawaida ni rahisi zaidi kusafisha.

## Watu wenye kisukari

Kisukari huweza kuharibu neva na kupunguza damu inayofika miguuni. Mgonjwa anaweza kuungua au kukatwa bila kuhisi, na kidonda kidogo kikakawia kupona hata kusababisha mguu kukatwa. Kwa mtu huyo, maji hupimwa kwa kiwiko au kipimajoto na yasifikie nyuzi 37 za Selsiasi. Miguu hailowekwi kwa muda mrefu, na sugu haziondolewi kwa wembe wala dawa za kuunguza. Asiyehisi miguu au mwenye kidonda hupelekwa kliniki.

## Tazama pia

* Fangasi
* Hina
* Kisukari
* Ukucha