Mzazi na Uchungu: Mambo Ambayo Tenzi Hazikuyasimulia

Mfasiri anayeandaa kipeperushi cha afya kitakachosomwa mahali kama Kifaru, kwenye tambarare iliyo chini ya Milima ya Upare, hukutana mapema na tatizo la neno mzazi. Shuleni, mkutano wa wazazi ni wa akina baba na akina mama. Hospitalini, wodi ya wazazi ni ya wanawake peke yao, waliojifungua au wanaongoja kujifungua. Walioandika vibao hivyo hawakukosea. Neno lina maana mbili, na hii ya pili, yaani mwanamke aliyezaa karibuni, inaelekea kufifia katika maandishi ya ofisi.

Methali imeihifadhi: Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi tunaisoma hivi: mzazi ni yule aliyeupata uchungu mwilini mwake kwanza, kisha ndipo ukawa uchungu wa moyo. Lakini ipo methali nyingine isemayo, Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hizi mbili zinabishana, na kwa maoni yetu ushairi wetu ulioandikwa uliegemea upande wa hii ya pili.

Shahidi mkubwa ni Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Utendi wake aliutunga mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858 wa Miladi, akiwa amekwisha kuugua mwaka mzima. Anamwita binti yake aketi karibu, achukue wino na karatasi, apokee wasia. Yanayofuata ni dini, adabu ya ulimi, unadhifu, na jinsi ya kukaa na mume. Anawataja watano ambao radhi yao ni lazima: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Baadaye anaomba dua ndefu, na wanawe wamo ndani yake. Hakuna mwanamke wa zama zile ambaye sauti yake tunaisikia wazi kuliko hii. Hata hivyo, hadithi ya kumzaa mwana huyo haisimuliwi. Utendi unaanza mwana akiwa amekwisha kukua na mama akiwa anaaga. Uzazi unatazamwa kutoka mwisho wake.

Umbo la wasia halikumlazimisha kusema zaidi. Shaaban Robert, ambaye alifiwa na mkewe Amina na kumtungia shairi la maombolezo, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, naye ni baba. Basi umbo hili laweza kutumiwa na yeyote mwenye mtoto wa kumuusia, hata kama hakupata uchungu wowote.

Uchungu wenyewe, na hofu na furaha iliyoandamana nao, vilibaki katika nyimbo za bembelezi, katika mafunzo ya makungwi na vinywani mwa wakunga. Mengi ya hayo yalikuwa kunga, hayakusemwa mbele ya wanaume. Wageni waliokusanya maneno ya kamusi zetu za mwanzo walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanaume wa misheni na wa serikali. Wala Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili haikuwa na njia nyepesi ya kuingia chumba cha mzazi, kwani shughuli yake kubwa ilikuwa vitabu, hasa vya shule.

Pamoja na hayo, maneno yamebaki, na yana ushairi ambao haukuhitaji mtunzi. Mwanamke mwenye mimba huwa mja mzito. Siku zikitimia hujifungua, kama kwamba amejiondoa mwenyewe katika kifungo. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, wa mwisho kitinda mimba. Halafu huja arobaini, siku za mzazi kutunzwa ndani. Mfululizo huu ni istilahi kamili ya uzazi, na haukubuniwa na kamati yoyote.

Tukirudi Upareni, mama anayezungumza Chasu nyumbani aweza kumbembeleza mwanawe kwa Chasu, na kukutana na maneno haya ya pwani kwenye kadi ya kliniki. Anayeandika kwamba mama yuko leba anamletea neno la lugha ya tatu lisilo na methali wala wimbo nyuma yake. Yule anayeandika kwamba ameshikwa na uchungu anampa neno ambalo mwalimu wa kijijini anaweza kulieleza kwa methali moja tu.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri watumie uchungu kwa hatua hiyo ya kuzaa, na uchungu wa uzazi pale ambapo maana yaweza kuchanganywa na huzuni. Wodi ya wazazi ibaki kama ilivyo. Katika fomu ambazo mzazi aweza kuwa baba pia, na iandikwe mzazi aliyejifungua. Maneno mawili, lakini karani hatauliza swali.