Malisho ya pamoja: historia fupi ya diski za seva

Wasomaji wangu, leo tuguse historia kidogo. Huku Isiolo, Waborana wana wazee wa dedha, ambao hupanga nani alishe wapi na lini. Mimi mwandishi wa programu huwakumbuka kila ninaposoma kuhusu seva.

Zamani kila seva ilibeba diski zake tumboni. Ikifa, data inakwama humo. Fibre Channel, kiwango cha mwaka 1994, iliziwezesha seva nyingi kutumia diski za pamoja zilizo nje, ila kwa kebo na swichi za pekee, ghali mno. Mwaka 2004 kiwango cha iSCSI kikaileta kazi hiyo kwenye mtandao wa kawaida wa Ethaneti.

Lakini kuunganisha ni nusu ya kazi. Seva mbili zikiandika ovyo kwenye diski moja, data huharibika. Mfumo wa VMFS wa kampuni ya VMware ulileta kufuli: faili ya kompyuta pepe huandikwa na seva inayoiendesha tu. Ndivyo VMotion, mwaka 2003, ilivyoweza kuhamisha kompyuta pepe hadi seva nyingine bila kuizima: diski haikusogea, kufuli ndilo lililobadili mkono.

Ila wekeni nakala kwingine. Malisho yakiwa ya pamoja, ukame nao huwa wa pamoja.