Fahamu Misingi ya Bao la Kiswahili kwa Wanaoanza

Bao la Kiswahili, kama ilivyo sataranji, ni mchezo wa watu wawili unaotegemea akili, si bahati. Kisiwani Unguja, kuanzia Mji Mkongwe hadi vitongoji kama Chukwani, mchezo huu hurithishwa barazani.

Bao lina mashimo 32 katika safu nne. Kila mchezaji humiliki safu mbili na kete 32. Mchezo kamili huanza kwa namua: kete 22 hubaki mkononi na kuingizwa moja moja, kisha hufuata mtaji.

Anayeanza hushauriwa kutumia bao la kujifunza. Kila shimo huwekwa kete mbili, na mtaji huanza papo hapo. Mchezaji huchota kete za shimo moja na kuzigawa moja moja. Ya mwisho ikitua katika shimo lake la mbele lenye kete, hula kete zilizomo katika shimo la mpinzani linalolikabili. Kula kukiwezekana ni lazima.

Safu ya mbele ikibaki tupu, mwenyewe ameshindwa, hata akiwa na kete tele nyuma. Hivyo, ailinde kwanza.