Mchanga wa rangi wa kuchezea: Je, unafaa katika tangi la samaki?

Mchanga wa rangi unaouzwa kwa michezo ya watoto na kwa mapambo haufai kuingizwa katika tangi la samaki mpaka ijulikane umetokana na jiwe gani na rangi yake imeshikizwa kwa kitu gani. Mchanga wa kawaida usiotiwa rangi, ukioshwa vizuri, unafaa. Hilo ndilo jibu fupi kwa wauzaji wa Gitega na Muyinga, na kwa wateja wao wanaotaka tangi lenye sakafu ya buluu, nyekundu au nyeusi.

Kwa nini suala hili linawahusu wafanyabiashara wa mpakani

Bidhaa nyingi zinazotoka bandari ya Dar es Salaam huingia Burundi kupitia kituo cha pamoja cha mpakani cha Kabanga, upande wa Tanzania, na Kobero, upande wa Burundi. Zikitoka hapo hufika Muyinga, na baadhi huendelea kwa barabara ya Karuzi hadi Gitega, makao makuu ya kisiasa ya nchi tangu 2019.

Mzigo ukifunguliwa na kuuzwa kwa kupimwa, lebo hubaki kwenye gunia la kwanza. Mnunuzi wa mwisho anapata kilo mbili za mchanga mwekundu bila jina la mtengenezaji. Kwa mapambo ya mezani hasara inaweza kuwa ndogo. Ndani ya maji ni jambo lingine, kwa sababu samaki huishi humo usiku na mchana na kuvuta maji hayo hayo kwa matamvua yake.

Hatari ziko wapi?

Hatari ya kwanza ni rangi yenyewe. Mchanga uliotengenezwa kwa matangi ya samaki hufunikwa kwa utando mgumu, kwa mfano wa akriliki au epoksi, ambao hauyeyuki katika maji. Mchanga wa kuchezea hutengenezwa ukae mkavu, na rangi yake inaweza kuwa imepakwa juu juu tu. Ukiloweshwa kwa wiki kadhaa, rangi hutoka. Baadhi ya rangi huwa na madini. Shaba, kwa mfano, hudhuru samaki hata ikiwa kidogo majini, na huua konokono na kamba mapema zaidi.

Ya pili ni utando kumenyeka. Ziwa Tanganyika lina samaki wanaokula kwa kuchota mchanga mdomoni na kuutoa kupitia matamvua, kama wale wa jenasi ya Xenotilapia. Wengine huchimba mashimo na kuishi ndani ya makombe ya konokono. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyesafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura na kutoa kitabu juu ya samaki wa ziwa hilo mwaka 1978, ni mmoja wa waliowafanya wajulikane duniani. Mfugaji wa Burundi anayefuga samaki hawa anapaswa kukumbuka kwamba kwao mchanga ni kama sahani ya chakula: kinachomenyeka huenda tumboni.

Ya tatu ni jiwe lililo chini ya rangi. Mchanga wa kwatsi haubadilishi maji. Lakini mchanga mwingine wa rangi husagwa kutoka marumaru, yaani chokaa, na chokaa huongeza ugumu wa maji na kupandisha pH. Samaki wa Tanganyika hawaoni tabu, maana ziwa lao lina pH inayokaribia 9. Samaki wa maji laini, kama neon wa Amerika Kusini, huteseka.

Hatari kwa binadamu

Mwezi Novemba 2025, serikali za Australia na New Zealand zilitangaza kuondolewa sokoni kwa aina kadhaa za mchanga wa rangi wa watoto, ulioagizwa kutoka nje, baada ya vipimo kuonyesha kuwa na asbesto. Shule kadhaa zilifungwa kwa muda ili zisafishwe.

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba sana. Zikivutwa na pumzi zinaweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Vumbi la kwatsi nalo, likivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu, huharibu mapafu. Kwa hiyo anayekabiliwa na hatari kwanza ni yule anayefungua gunia, kupima na kumimina, yaani muuzaji mwenyewe na mtoto anayecheza karibu naye.

Kuosha mchanga hakuondoi asbesto. Mwenye mchanga anaoushuku asiufagie ukiwa mkavu. Aulowanishe taratibu, aufunge katika mifuko miwili na kuuweka mbali na watoto hadi apate maelekezo ya mamlaka.

Namna ya kupima nyumbani

Vipimo hivi husaidia kukataa mchanga mbaya. Haviwezi kuonyesha asbesto wala madini yaliyoyeyuka. Hayo ni kazi ya maabara.

1. Kitambaa. Lowesha kiganja kimoja cha mchanga, kisha sugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata rangi, mchanga huo haufai.

2. Siki. Ponda chembe chache kwanza, kwa maana utando wa rangi huficha jiwe. Dondoshea siki. Mapovu yakitokea, kuna chokaa.

3. Ndoo. Weka mchanga na maji safi katika ndoo ya plastiki kwa siku 7. Pima pH siku ya kwanza na ya mwisho. Maji yakibadilika rangi, yakipata harufu, au utando kama wa mafuta ukionekana juu, usiutumie.

Mchanga wa mtoni

Mchanga mweupe au wa kahawia wa mtoni ni njia rahisi zaidi. Gitega iko karibu na mto Ruvyironza, unaoingia Ruvubu, na Ruvubu hupita pia upande wa Muyinga. Anayenunua kwa wachimbaji achague mchanga uliotoka mbali na mitaro ya mji, na mashamba yanayopigiwa dawa.

Uchekeche kuondoa kokoto na mizizi. Uoshe mara nyingi, bila sabuni, mpaka maji yatoke meupe, kisha uchemshe au umwagie maji ya moto. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi saa 24 kabla ya kuingiza samaki.

Tangi lenye sakafu ya sentimita 60 kwa 30, likiwekewa tabaka la sentimita 4, huhitaji lita 7 hivi za mchanga, sawa na kilo 11 hadi 12. Anayetaka rangi anaweza kuipata nyuma ya kioo, kwa karatasi iliyobandikwa nje ya tangi.

Mambo ya kudai kabla ya kuagiza

Mwagizaji amwombe msambazaji karatasi inayotaja aina ya jiwe, aina ya rangi na utando, matumizi yaliyokusudiwa, namba ya toleo, na cheti cha maabara cha kupima asbesto na madini mazito. Maneno "hauna sumu" yaliyoandikwa kwenye pakiti ya watoto hayamaanishi kuwa mchanga ulipimwa ndani ya maji pamoja na samaki.

Nakala ya karatasi hizo ihifadhiwe pamoja na hati za forodha za OBR. Kwa maswali ya ubora, chombo kinachohusika upande wa Burundi ni BBN, na upande wa Tanzania ni TBS. Muuzaji wa rejareja naye aandike jina la mtengenezaji na namba ya toleo kwenye kila mfuko anaoupima, ili bidhaa ikitangazwa kuwa mbaya ajue ni wateja gani wa kuwarudia.