Tawi Lililogeuka Rangi: Bogenvilia Bustanini

Bogenvilia ni kichaka chenye miiba, na asili yake ni Amerika Kusini. Kinachodhaniwa kuwa ua la zambarau au jekundu ni vijani vitatu vilivyogeuka rangi, vyepesi kama karatasi. Maua yenyewe ni madogo na meupe, nayo hujificha katikati. Mwenye bustani hufaidika na hadaa hiyo, kwani vijani hivyo hudumu wiki kadhaa kabla ya kupukutika.

Wataalamu wa Ulaya walikikusanya mwaka 1767 huko Rio de Janeiro, merikebu za Ufaransa zilizoongozwa na Louis-Antoine de Bougainville zilipotia nanga katika safari ya kuizunguka dunia. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea wa msafara huo, alikipa jina la mkuu wake. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika mavazi ya kiume kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa melini. Wapo wanaosema kwamba Baret ndiye aliyekichuma. Ushahidi haupo, ila Commerson alikuwa akiugua mguu siku zile, na dhana hiyo si ya kupuuzwa.

Karne ya 19 mmea huu ulilelewa Ulaya ndani ya nyumba za vioo, ukasambazwa pia katika nchi za joto. Aina zilizotangulia, spectabilis na glabra, zilikuwa zaidi za zambarau.

Wekundu mkali ulipata umaarufu kwa njia isiyo ya maabara. Mwaka 1910 Bi. Butt wa Trinidad aliuona mmea wa rangi hiyo katika bustani moja mjini Cartagena, Colombia, akaupeleka kwao. Ulikuwa chotara, na mwaka 1944 wataalamu waliuita buttiana kwa heshima yake. Chotara huyo naye hakutulia: matawi yake yaligeuka rangi yenyewe, na mwaka 1949 huko Calcutta, India, likatokea tawi lenye vijani vyeupe na vya waridi kwa pamoja. Likapewa jina la Mary Palmer.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya aina mpya ni kazi ya jicho kuliko ya uzalishaji. Machotara wengi hawatoi mbegu, na mbegu ikipatikana, mche wake haufanani na mzazi. Njia ya kuaminika ni kipandikizi: kipande cha tawi lililokomaa hukatwa na kuchomekwa kwenye udongo wenye mchanga, kikisubiri mizizi. Kila mche wa Mary Palmer, popote ulipo, ni kipande cha tawi lile la Calcutta.

Afrika Mashariki mmea huu umepata kazi ya ziada, kwani miiba yake huufanya uzio na jua kali haliutishi. Maji mengi ndiyo huuharibu: majani hunawiri, rangi hupungua. Kwenye vitalu vya kando ya barabara majina ya kitaalamu hayana soko. Mteja huomba nyekundu, ya chungwa au ile ya rangi mbili. Hiyo ya mwisho huhitaji uangalizi, kwa sababu mara nyingine hutoa tawi la rangi moja lenye nguvu kuliko mengine, nalo lisipokatwa mapema huumeza mmea mzima.